Fundo Nililolifunga Bila Mate

Zuhura mwanangu,

Sitakuuliza hujambo, maana nakusikia. Uko chumba cha pili, na kitanda chako kinalia kila unapojigeuza. Ningeweza kuinuka nikaja kuketi kando yako nikayasema haya kwa mdomo, lakini najijua. Nikianza kusema nitayapamba, na wewe utanihurumia kabla sijafika mwisho. Karatasi haina uso wa kunihurumia.

Ya sabuni, ya chandarua, ya kulifunga tranka kwa kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni, umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu aliyepita kukuaga kwa safari yako ya shule ya bweni, Mbeya. Sitayarudia. Ya sala unayajua kuliko mimi.

Nataka kukuandikia habari za yule samaki wa bwawa la Igombe.

Najua utakavyofanya ukifika hapa. Utavuta mdomo upande mmoja, utacheka kidogo kwa pua, utasema, "Mama naye! Yule kambale bado tu?" Bado, Zuhura. Kwako amekuwa kichekesho, kwa sababu ulijifunza kujicheka kabla watu hawajakuwahi. Kwangu hajawa kichekesho hata siku moja.

Basi niliseme sasa hivi, nisije nikazunguka. Mshipi haukukatika kwa kuwa ulivuta mno. Haukukatika kabisa. Fundo la ndoano ndilo lililoteleza. Fundo lile nililifunga mimi, nililifunga vibaya, na nilijua kwamba ndilo lililoteleza kabla maji hayajatulia. Kisha nikakuambia umevuta mno.

Yaliyobaki katika barua hii ni kukueleza ilivyokuwa. Ukitaka kuiweka chini hapa, iweke. Kilicho chako nimeshakurudishia.

Jumapili za bwawani zilikuwa zenu, wewe na Babu. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nasoma. Nilikuacha unaketi kwa kuegemezwa mito, nikakukuta unaendesha baiskeli. Katikati ya hapo nilikuja likizo na zawadi, nikaondoka na picha. Babu alikuwa amestaafu karakana ya reli, hajui azifanyie nini asubuhi zake, ndipo alipojinunulia ile fimbo ya kuvulia inayotoka kipande ndani ya kipande kama antena ya redio ya zamani. Mtaa wetu mzima wa Ng'ambo ulimcheka. Hapa kwetu samaki hununuliwa sokoni, au hushushwa kwenye treni ya Kigoma wakiwa wamekaushwa. Mtu mzima kupiga pedeli mpaka bwawani, akae kutwa nzima, arudi na perege wawili, tena wale wadogo awe amewarudisha majini, ule ulikuwa wazimu.

"Samaki unamshika, unamkagua, unamruhusu aende nyumbani," Mzee Masudi fundi viatu alimwambia. "Sasa wewe ni mvuvi au daktari?"

Jumapili iliyofuata Mzee Masudi alikuwa amekaa nyuma ya baiskeli ya Babu, mwanzi wake wa kuvulia begani.

Niliporudi moja kwa moja na kuanza kazi ya ofisini kule Isikizya, nilikuta una elimu nzima ambayo mimi simo. Ulijua kwamba perege hatafuni chambo, hukinyonya, na kwamba boya lenu la kipande cha kandambili likitetemeka mara ya kwanza ukavuta, utainua ndoano tupu. Ulijua kuukanda ugali na asali kidogo kwa ajili ya perege, na kwamba kambale hana habari na vitamu, yeye mpe maini ya kuku yaliyoanza kunuka. Ulijua kwamba mvua za kwanza zikinyesha, kambale husogea pale kijito kinapoingilia bwawani, maji yakiwa mekundu, mahali ambapo mgeni asingefikiri kuna samaki. Na ulinifundisha la gurudumu la mshipi, lile la kukunjia mshipi kwenye fimbo. Ulisimama mbele yangu, mikono kiunoni, ukazungumza kwa sauti ya Babu: "Mama, breki ya gurudumu usiikaze. Kambale akikimbia mwache akimbie. Fimbo iwe juu. Mshipi ukaze, lakini usilie." Ulikuwa hujaota hata meno yote ya mbele.

Nami nikakulipa nini? Nilikusahihisha. Nilisahihisha ulivyoshika kijiko, ulivyokaa, ulivyochanganya Kinyamwezi cha Babu kwenye Kiswahili chako. Aliyechelewa kufika msibani ndiye hulia kwa sauti kuliko wote. Ndivyo nilivyokuwa mama.

Niliwafuata bwawani kwa sababu niliona wivu. Sikuwahi kukuambia hilo. Nilisema nataka hewa. Nilikaa kwenye jiwe na simu yangu, nikawatazama mnavyofanya kazi bila kusemezana: wewe unanyoosha mkono, yeye anaweka ndoano kwenye kiganja, yeye anageuza shingo, wewe unamsogezea kopo la minyoo. Hakuna aliyeniomba kitu. Jumapili baada ya Jumapili, nilikuwa mgeni mwenye heshima zake.

Sasa siku yenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na njia ya Igombe ilikuwa tope tupu, ukasukuma baiskeli sehemu kubwa. Babu alikuwa upande wa pili wa matete anamnasua Mzee Masudi, ambaye kama kawaida yake alikuwa amevua matete. Ndoano yako ilikuwa imeng'ang'ania kisiki, umeipoteza. Ukaja kwenye jiwe langu, mkono mmoja umeshika ncha ya mshipi, mwingine ndoano mpya.

"Mama, nifungie."

Ulijua kufunga. Babu alikuwa ameshakufundisha zamani, ungeweza kuifunga ukiwa umefumba macho. Wakati ule sikujiuliza kwa nini umekuja kwangu. Nimejiuliza kila siku tangu hapo, na jibu ni moja tu, nalo linaniuma kuliko samaki: ulikuwa unanipisha niingie.

Nilifurahi mpaka vidole vikawa vizito. Nilipitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, nikauzungusha juu yake wenyewe kama nilivyomwona Babu akifanya, nikaurudisha kwenye kitanzi. Ukasema, "Usisahau mate. Lowesha kabla hujakaza."

Nililijua hilo. Ningeweza hata kukuchorea ubaoni: nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata joto, inajiunguza, na fundo halikai mahali pake. Lakini niliutazama ule mshipi. Ulikuwa na tope, na ute wa samaki, na mabaki ya mnyoo. Niliona kinyaa. Mimi, mwanamke msomi wa Isikizya, niutie ule mdomoni? Nikakugeuzia bega, nikakaza kavu. Kisha nikaona kile kimkia cha mshipi kinachobaki kimechomoza, nikaona si nadhifu, nikakikata karibu kabisa na fundo. Babu hukiacha kila mara, ili fundo likijivuta liwe na pa kujivutia. Nililijua hilo pia.

"Umelowesha?"

"Nimelowesha."

"Asante, Mama."

Ukaenda zako unarukaruka.

Sikukusudia ubaya. Lakini sikupi hilo kama utetezi. Watu wengi waliowaumiza watoto wao hawakukusudia, na mimi nimewahi kuwa mtoto.

Ulirusha pale kwenye mdomo wa kijito. Boya halikutetemeka, lilizama moja kwa moja kama limeitwa. Na hukushtuka, Zuhura. Nataka hili ulisome taratibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakutazama usoni: hukushtuka. Ulihesabu kwa midomo, ukainua fimbo, na fimbo ikapinda mpaka nikadhani itavunjika. Gurudumu likaanza kulia likitoa mshipi. Ukamwacha akimbie. Ukatembea naye ukingoni, hatua moja moja, kama mtu anayempeleka ng'ombe mkaidi machungani. Alipotulia ulikunja. Alipokimbia ulimwachia.

Mzee Masudi alitupa mwanzi wake akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Mwachie! Mwachie aende, bibi wee! Kaza! Siyo hivyo! Hee, hivyo hivyo!"

"Masudi, nyamaza," Babu akasema. "Dereva ni mmoja."

Hilo ndilo neno pekee alilolisema Babu. Alisimama nyuma yako, mikono mgongoni, kama mtu wa reli anayetazama treni ya mwenziwe ikiingia stesheni.

Kisha sote tukamwona. Kile kichwa kipana, zile sharubu, mgongo mweusi ukipasua maji mekundu pale penye kina kifupi. Alikuwa mkubwa kama mtoto anayetambaa. Uliingia majini hadi magotini, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili umeunyoosha, na ulikuwa umeshaanza kutabasamu.

Fimbo ikanyooka.

Hakukuwa na kishindo. Ilinyooka tu, na maji yakajifunga, na wewe ukabaki umenyoosha mkono.

"Behewa limekatika!" Mzee Masudi akapaza sauti, akacheka, kwa sababu ndivyo alivyo.

Ulinigeukia mimi. Hukumgeukia Babu. "Mama, fundo?"

Nilikuwa nimeshaiokota ncha ya mshipi iliyorukia ukingoni. Mshipi ukikatika kwa kuvutwa, ncha yake huwa imenyooka na ina vinyuzi. Hii ilikuwa imejisokota, kama kile kikono cha mmea wa maboga kinachotafuta pa kushika. Ncha ya namna hiyo ina maana moja tu: mshipi ulizunguka ukajifungua, fundo likamwachia samaki aende na ndoano. Wewe ungeiona ungejua. Babu angeiona angejua. Kwa hiyo niliitia mdomoni, nikaing'ata, nikaitema majini. Mate niliyolinyima fundo niliyapata haraka kwa ajili ya kuficha.

Nikasema, "Fundo lilikuwa sawa. Umevuta mno mwishoni."

"Mwishoni" sikulazimika kuliongeza. Nimelifikiria neno hilo kuliko yote. Ningesema umevuta mno, ungefikiri mkono wako ulikosea siku ile. Niliposema mwishoni, nilikupa kitu cha kuondoka nacho.

Babu alikukumbatia akakutania ili ucheke. "Mke wangu, umemruhusu mgeni aondoke na kitoweo chetu?" Ukacheka. Jioni ile ile Mzee Masudi alishakupa jina barazani, Bi Kata-Behewa, na kufikia Jumatano watoto wa mtaa walikuwa wanaliimba. Ulicheka nao. Uliitikia. Halafu Jumapili moja ukasema una kazi ya shule. Nyingine ukasema kichwa. Babu akawa anaondoka na Mzee Masudi peke yao, na asubuhi anakisuuza kile kikopo chako cha minyoo, anakirudisha rafuni kikavu.

Nilijiambia umekua, watoto hukua. Nilikuja kutazama mechi yenu ya mpira wa pete kule shuleni. Ulikuwa unaruka vizuri kuliko wote, unanyang'anya mpira, unaufikisha mpaka chini ya goli, na kila ulipofika pale ulimpa mwenzio arushe. Kila mara. Mwalimu alikupigia kelele, "Rusha wewe!" Ukatikisa kichwa. Mzazi aliyekaa kando yangu akaniambia, "Mtoto wako ana roho nzuri, si mchoyo." Nikasema asante.

Na jioni ya kuamkia mtihani wa mwisho wa darasa la saba, ulisimama getini na rafiki yako, mnaagana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la nguo. Akakuambia, "Wewe huna wasiwasi, wewe utafaulu tu." Ukamjibu, "Mimi mwisho huwa naharibu. Waulize watu wa Igombe." Mkacheka wote wawili.

Zilikuwa hatua chache kutoka nyuma ya mlango hadi getini. Nilikwenda kuanika nguo.

Ulifaulu hata hivyo. Watu walipokuja kunipongeza, niliwapokea mikono nikaona kama napokea rambirambi za mtu niliyemuua. Sisi ni wajukuu wa wapagazi, Babu hachoki kutuambia. Watu wetu walibeba mizigo ya wengine kwa miguu mpaka pwani. Wewe ulifanya mtihani na mzigo wangu kichwani, na hukuujua kuwa ni wangu.

Nimejaribu kujua kwa nini niliongopa kwa kitu kidogo vile. Samaki, Zuhura! Ningesema "Nimekosea, mwanangu," mngenicheka siku mbili, Mzee Masudi angenipa mimi lile jina, basi. Nikichimba nafika mahali pale pale. Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na wewe tumboni. Nilikuwa yule msichana wa kwanza darasani, na mji mzima ulishangilia kimoyomoyo kuniona nimejikwaa. Kila mtu alikuwa na kidole cha kunyooshea. Wewe hukuwa kosa, sijawahi kukuona hivyo hata siku moja, na ukilisoma hili vibaya nitakuja huko Mbeya kwa miguu. Lakini mimi nilifanywa kuwa kosa linalotembea, na nikaapa kwamba nikitoka hapo hakuna atakayenikuta tena na hatia mkononi. Nikasoma kwa kiapo hicho. Nikafanya kazi kwa kiapo hicho. Hesabu zangu hazina makosa, nguo zangu hazina mikunjo. Na siku hatia iliponikuta imeshikwa na vidole vyangu viwili, nilimtafuta wa karibu wa kumpa, na wa karibu ulikuwa wewe. Yale mji uliyonifanyia mimi kwa mwaka mzima, nilikufanyia wewe kwa neno moja.

Sasa utauliza, kwa nini leo.

Ni kwa sababu ya godoro. Babu ana ile kauli yake, mzigo wa msafiri hufungwa na anayebaki. Anasema wazee wake walipotoka hapa na misafara, mpagazi hakujifungia mzigo. Mama au mke ndiye aliyekaza kamba, ili huko njiani kila akiishika aikumbuke mikono iliyoifunga. Kama ni kweli au anazitunga, hilo sijui. Leo jioni Babu alikuwa pale uani, amekaa bure, na mafundo yake hayana mfano mjini hapa. Ukampita. Ukaja mpaka mlangoni kwangu na lile godoro jipya umelikunja, kamba ya katani begani.

"Mama, nifungie."

Sauti ile ile. Maneno yale yale. Nilifunga. Hukukagua. Ukasema asante, ukaenda kuzitafuta soksi zako.

Nikatoka uani. Babu alikuwa amelifungua gurudumu la mshipi analitia mafuta ya cherehani kwa unyoya wa kuku.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshamfungia?"

"Nimemfungia. Baba, yule kambale wa Igombe. Fundo liliteleza. Sikulilowesha, na nikamwambia Zuhura nimelowesha."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipoukunja mshipi nyumbani niliona ncha ina alama za meno." Akalizungusha gurudumu kidogo, akalisikiliza. "Kambale ana meno, lakini si kama yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Kambale havutwi, binti yangu. Anaachiwa aende, atachoka, atarudi."

Unajua ninavyompenda babu yako. Lakini nilipandwa na hasira nikasahau adabu. "Mimi si kambale, Baba! Na muda wote huo unaonisubiri mimi, ndoano ilikuwa mdomoni mwa nani? Mwa mtoto!"

Ule unyoya ukasimama. Akaliweka gurudumu chini juu ya kitambaa.

"Hapo umesema," akajibu. "Hapo na mimi nimekosa. Ila kumwambia mjukuu wangu kwamba mama yake ni mwongo, wakati ndiyo kwanza ameanza kumzoea mama yake..." Akapangusa mikono. "Sikuliweza hilo, mama."

Baba yangu ananiita "mama" pale tu anapozidiwa.

"Na Mzee Masudi?" nikamuuliza.

"Masudi niachie mimi. Lile jina alilitangazia barazani, na barazani ndiko atakakokwenda kulifuta. Kwa sauti ile ile."

Kwa hiyo hakuwa mmoja aliyekunyamazia, tulikuwa wawili, kila mtu na sababu yake nzuri. Usimwonee huruma kwa kuwa ni mzee. Muulize. Ndiye anayekupeleka, ana safari nzima ya kukujibu.

Sina mafunzo ya kukupa. Nimetafuta kichwani kitu cha busara cha kumalizia, na kila nilichokipata kilikuwa na harufu ya mimi kutaka kuonekana mama mzuri. Ninacho kimoja tu, nacho ni cha uvuvi, na kwa haki ni cha Babu. Huko uendako vitu vitakukatikia. Utafeli somo, utagombana na rafiki, utaambiwa ni wewe, na wapo wanaosema haraka kuliko wengine. Mimi nilisema haraka. Kabla hujaitikia, iombe ncha ya mshipi uitazame. Ikiwa imenyooka, basi labda ulivuta mno, nawe kubali, haiui. Ikiwa imejisokota, liko fundo la mtu. Na asiyetaka kukuonyesha ncha, mtazame mdomo.

Mwanzoni nilipanga kuitia barua hii chini kabisa ya tranka, chini ya sketi za shule, uikute Mbeya. Nililifungua tranka, nikaziinua nguo, nikauingiza mkono. Hapo nikauona ule mkono unachokifanya. Ulikuwa unang'ata ncha na kuitupa majini tena. Ungesoma peke yako bwenini, kati ya wageni, bila mtu wa kumkasirikia, na mimi nikiwa salama hapa Ng'ambo nimelala usingizi wa aliyetubu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, wakati wa chai, kabla ya basi. Nitakaa mbele yako mpaka umalize. Usinihurumie haraka; najua una haraka hiyo, nimekulea kwa kukulazimisha uwe nayo. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kupanda basi bila kuniaga, panda, nitasimama pale stendi mpaka vumbi liishe. Ulipomchagua Babu akupeleke badala yangu nilinuna siku nzima. Sasa naona ni vyema. Njia ya Mbeya ni ndefu na ya misitu mitupu, mtakuwa na muda. Nisemeni. Nisemeni mpaka mfike.

Fimbo ile Babu ameitia mafuta kwa ajili yako. Hataki kukuambia. Ameniambia itakuwa imeegeshwa mahali pake ukirudi likizo, na kwamba kambale huishi miaka mingi. Sikulazimishi.

Limebaki moja. Baada ya kuzungumza na Babu nilirudi kulitazama godoro lako. Nililigeuza, nikaivuta ile kamba huku na huku, naona imekaa. Lakini hata siku ile bwawani niliona fundo limekaa. Kwa hiyo usiniamini. Tukiwa stendi, kabla utingo hajalipandisha juu ya basi, lishike wewe mwenyewe. Zungushia kamba kwenye viganja, kanyaga godoro kwa mguu, uivute kamba mbele yangu na mbele ya Babu na mbele ya abiria wote, kwa nguvu zako zote mpaka mwisho, kwa mikono hiyo ambayo haikuwahi kuvuta mno.

Ikifunguka, ni mimi niliyefunga.

Mama yako